Jezi za vifungo mnadani Msalato: nyota nne, ya tano bado nimeishika mkononi

Wadau salama? Nimeulizwa mara nyingi mno hizi jezi zangu za besiboli, zile za vifungo, na zile kofia nanunuaga wapi, sasa leo naandika mara moja ili simu zipungue. Ni pale mnada wa Msalato, hapa Dodoma, Jumamosi, kwa mama mmoja ambaye jina lake silitaji kwa sababu hajanituma na hana habari kama naandika. Na niweke sawa mapema, naongelea mitumba ya nguo sio Mtumba ya Mji wa Serikali, kuna mgeni wangu nilimwambia kwa simu "nikute mitumba" akapanda boda akaenda kushushwa wizarani na viatu vyeupe, alinuna mpaka jioni.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotaka. Kofia ni 5,000 mpaka 10,000, jezi ukiacha fungu la kuchagua zinaanzia msimbazi mmoja (10,000), ile ambayo namba imeshonwa (sio kubandikwa) atakuambia 25,000 na ukiwa mpole unatoka nayo kwa 20,000. Ukiwa mjuaji inabaki 25,000. Analipwa keshi au kwa simu, chenji anayo, na mfuko anakupa.

Sasa kwa nini mi na besiboli wakati mji mzima unaongelea Dodoma Jiji, Simba na Yanga. Nilisoma Dar, na pale Azania Sekondari kuna uwanja wa besiboli kabisa uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, sasa siku moja nilimsindikiza binamu yangu kuangalia, nikarudi nimeumwa na huu ugonjwa na sijapona. Tatizo ni saa tu. Mechi ikianza saa moja usiku New York, huku kwetu ni saa nane usiku wa manane, kwa hiyo kazini naonekana mtu wa kulala lala, bosi wangu anadhani nina mtoto mchanga.

Turudi kwa Mama. Ukiingia mnadani achana na upande wa ng'ombe na mbuzi, achana na moshi wa nyama (utarudi, najua utarudi), nyoosha kwenye mistari ya nguo mpaka uone kamba imetundikwa kofia kama samaki wa kukausha. Hapo. Turubai la bluu chini, mwavuli uliopasuka, na yeye kakaa kwenye ndoo. Besiboli haijui kabisa na hana mpango wa kuijua. Kwake jezi ni za aina mbili, "za mpira" na "za vifungo", basi. Kofia ya Yankees, timu ya New York, anaiita "ya NY" na anasema ndo inayotoka kuliko zote, na kweli, hesabu mabodaboda kumi hapa mjini watatu wameivaa, muulize yeyote hiyo NY ni nini atakuambia ni mji, au atakuambia ni kofia.

Ila huyu mama kwenye kupanga mzigo ni balaa. Belo linafunguliwa Ijumaa usiku nyumbani, yeye na mwanae, wanagawa mafungu matatu: za kupointi zinatundikwa, za kati zinakunjwa kwenye turubai, za kuchagua zinamwagwa chini buku mbili mbili. Nimemuangalia anavyofanya. Anaanza na kola, anageuza kwapani, anahesabu vifungo, anavuta pindo, halafu anainyanyua jezi juu anaitazama kupitia jua kama kitambaa kimeisha. Mbele kumeandikwa nini hata haangalii. Mgongoni kuna jina la nani haangalii. Mi sasa nafanyaga kinyume, naanza na mgongo, na hapo ndo hadithi yangu ilipo.

Kuna Jumamosi moja nimefika mapema, shikamoo mama, marahaba mwanangu leo umewahi, nikaona imetundikwa nyeupe yenye mistari myembamba ya bluu iliyokoza, Yankees ya nyumbani, mgongoni 22, bila jina. Moyo ukaruka. Yankees hawaandikagi majina mgongoni uwanjani, ni namba tu, kwa hiyo isiyo na jina ndo inafanana na ile wanayovaa wachezaji wenyewe. Na 22 kwangu ni Juan Soto. Nikaishika kwa mikono miwili kama nimeokota mtoto. Mama akaniona. Kosa hilo.

"Hiyo thelathini."

"Mama jamani, zote ni ishirini na tano."

"Hiyo umeipenda."

Nikalipa 30,000. Akanikunjia, akaniambia neno moja tu, "ungeangalia kwapa kwanza mwanangu," mi nikacheka.

Nikaenda kupiga mshikaki na hapo ndo nikakaa karibu na upande wa ng'ombe, na kuna mzee mmoja alikuwa ananunua dume la kulimia, aisee kama hujawahi kuangalia nenda kaangalie. Kamfungua mdomo kasoma meno, kamzungusha, kamtembeza kwenye changarawe anaangalia mguu wa nyuma, kamuuliza muuzaji limetoka wapi, limelima miaka mingapi, kwa nini unaliuza. Hilo swali la mwisho kalirudia mara mbili. Nikawa nakula huku nawaza, hiki ndo kile kile wanachofanya kule Marekani kila mwaka kombe la dunia lao likiisha (wanaliita la dunia, waache), dirisha la wachezaji huru likifunguliwa na klabu zinaanza kutafuta watu wa nyuma, autifilda.

Kwa wasiojua, autifilda ni wale watatu wanaokaa mbali kabisa uwanjani, kushoto, kati na kulia, kazi yao kukimbilia mipira iliyopigwa juu na kurudisha kwa mkono wa nguvu. Wa kati ndo anafagia eneo kubwa kwa hiyo miguu yake ndo mtaji. Wa pembeni wanasamehewa miguu kidogo lakini hawasamehewi rungu, yani ukiwekwa kushoto na hupigi homurani (mpira unaovuka ukuta) watu wanaanza kukuuliza uko hapo kwa kazi gani.

Huku kwetu mchezaji huru ni yule mkataba umeisha, anajiondokea. Kule mpaka ufikishe miaka sita ya utumishi kwenye ligi kubwa. Sita! Kabla ya hapo klabu inakumiliki, miaka ya mwanzo wanakulipa karibu na kima cha chini, baadae kuanzia kama mwaka wa tatu mnapelekana kwa msuluhishi wa mishahara, na wakitaka wanakubadilisha na mtu mwingine kama gunia. Sasa piga hesabu, mtu anapanda ligi kubwa na miaka 23 au 24, akimaliza sita yuko 29, 30. Yani siku anaruhusiwa kujiuza ndo siku miguu inaanza kuaga. Na klabu inajua hilo, hivyo inachonunua ni miaka inayokuja, wakati takwimu zote alizonazo ni za miaka iliyopita. Zile takwimu ndo mgongo wa jezi. Kitambaa ni kitu kingine.

Ndo maana Soto alikuwa kitu kingine kabisa. Alipanda 2018 akiwa na miaka 19 na Washington, kwa hiyo miaka sita ikaisha akiwa na 26, dume lenye meno yote. 2022 Washington walimwekea mezani miaka 15 kwa dola milioni 440 akakataa, watu wakamwita kichaa, wakamuuza San Diego mwaka huo huo, San Diego wakampeleka Yankees Desemba 2023, na huko msimu wa 2024 akapiga homurani 41 na kutembezwa besi ya kwanza (kituo cha kwanza, unapewa bure mrushaji akikurushia mipira minne mibovu) mara 129 kwa sababu hapigi mpira mbovu, jicho lake ni la Mama kabisa. Desemba 2024 Mets, nao wa New York, wakampa miaka 15, dola milioni 765. Ukipiga kwa dola moja 2,500 ni kama trilioni 1.9 za kwetu. Yankees wenyewe walifika 760 kwa miaka 16, akavuka mto kwenda kwa majirani, yani mtoe mtu Yanga umpeleke Simba kwa tofauti ndogo vile, jiji halikulala. Na kote huko, klabu zote nne, mgongoni ni 22.

Sasa mnaelewa kwa nini nililipa 30,000 bila kupumua.

Nikafika nyumbani Nkuhungu, nikaigeuza ndani nje kwa ajili ya kufua, lebo ya shingoni imeandikwa Majestic. Daah. Nike ndo wenye jezi za ligi nzima tangu 2020, Majestic walikuwepo kabla ya hapo. Soto kaivaa 22 ya Yankees mwaka 2024 tu. Kwa hiyo hii 22 sio yake hata kwa maombi. Nikakaa kitandani nikaanza kurudi nyuma kwenye kichwa, nani alikuwa na 22 pale kabla ya 2020, na jibu nilikuwa nalijua ila sikutaka kulisema. Jacoby Ellsbury.

Kama kuna jina ambalo shabiki wa Yankees hataki kulisikia wakati anakula, ni hilo. Na jamaa hakufanya kosa lolote, ndo inavyouma. Alikuwa mtu wa kati wa Boston, mbio za hatari, mwaka 2011 akapiga homurani 32 kitu ambacho hakikufanana na mwaka wake mwingine wowote, hakuwahi hata kufika 20 tena. 2013 akaiba besi 52 (yani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzako apige) na Boston wakachukua ubingwa. Desemba ile Yankees wakamvuta kwa miaka saba dola milioni 153, ana miaka 30, mtaji wake ni miguu. Msimu wa kwanza sawa, hakuwa mbaya. Halafu mwili ukaanza kudai, mara ya mwisho kucheza ni 2017, misimu ya 2018 na 2019 yote ni majeruhi, Novemba 2019 wakamuacha. Yule mzee wa pale kwenye ng'ombe angeuliza tu, huyu anakimbia, kwa nini bei yake ni ya anayepiga?

Na Yankees walikuwa na mfano mbele ya macho yao! Boston wenyewe 2010 walimsajili Carl Crawford, mtu wa kushoto mwenye mbio, miaka saba milioni 142. Alitoka kuiba besi 47, mwaka wa kwanza Boston akaiba 18, Agosti 2012 wakamtupia Los Angeles Dodgers pamoja na mkataba wake. Mbio ni kitu kitamu kukiangalia ila ndo rangi ya kwanza kutoka ukifua.

Siku hizi wanapima lakini. Tangu 2015 kila uwanja una mitambo ya kupima, wanajua kila mtu anakimbia futi ngapi kwa sekunde, wastani wa ligi ni 27 ambayo ni kama mita 8.2, anayefika 30 huyo ni swala. Wanajua mpira ukitoka kwenye rungu lake una spidi gani, wanajua mpira ule ulikuwa mgumu kiasi gani kudakwa na yeye kadaka mingapi zaidi ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo hakuna tena kudanganywa na msimu mmoja wa bahati, angalau kwa klabu inayosoma. Ila hapo hapo kuna mtego mwingine, maana glovu, yani udakaji, nayo unaweza kuilipia ukajuta. Jason Heyward, Desemba 2015, Cubs wa Chicago walimpa miaka minane milioni 184 akiwa na 26, umri mzuri, mdakaji bora wa kulia kwenye kizazi chake, meno yote yapo. Mwaka uliofuata rungu likakataa, wastani wa kupiga .230 (hata mara moja kati ya nne haifiki) na homurani 7. Lakini mwaka huo huo Cubs wakachukua kombe baada ya miaka 108, na mechi ya saba mvua ilipokatisha mchezo ni Heyward ndo aliwakusanya wenzake wakaongea, wakarudi wakashinda. Sasa hiyo utaiweka fungu gani, kupointi au kuchagua? Mi sijui, na nimeliwaza hili swali kwenye daladala za kutosha.

Kuna na mambo ya nje ya mchezaji mwenyewe. Klabu inaweza kumwekea mchezaji wake anayeondoka ofa ya mwaka mmoja kwa bei maalum (ile ya Novemba 2024 ilikuwa dola milioni 21.05), akiikataa akaenda kwingine, klabu mpya inapoteza baadhi ya nafasi zake za kuchagua vijana. Halafu kuna kodi ya matumizi kwa klabu ambayo mishahara yake yote inavuka mstari, 2025 mstari ulikuwa milioni 241, ukivuka mara ya kwanza unalipa asilimia 20 ya kilichozidi, ukivuka miaka mitatu mfululizo ni 50. Kwa hiyo autifilda wa milioni 20 kwa tajiri aliyeshavuka mstari anaweza kumgharimu 30. Ni kama kununua kabati zuri halafu unakuta boda haibebi, unakodi Kirikuu, bei ya Kirikuu ndo inakuua. Na uwanja wenyewe nao una neno, pale Yankee upande wa kulia ukuta uko karibu, futi 314 ambazo ni kama mita 96, anayepiga kwa mkono wa kushoto anaonekana mfalme. Boston kushoto kuna ukuta wa mita 11 kwenda juu, mtu wa kushoto mwenye miguu mizito unaweza kumficha pale chini. Denver mji uko juu kama mita 1,600, hewa nyepesi, mpira unaruka wenyewe. (Dodoma tuko kama 1,100, nimeshawaambia watu huu mji ungetufaa, tatizo ni upepo na vumbi la mwezi wa nane, mdakaji ataupoteza mpira na uwanja pamoja.)

Hapo kwenye mshikaki nilikuwa nimefika mbali na mfano wangu wa ng'ombe mpaka nikajishtukia. Maana kuna mtu aliyekataa kabisa mfano huu na bila yeye hata hii biashara ya wachezaji huru nisingekuwa naiongelea, na yeye mwenyewe alikuwa autifilda. Curt Flood, mtu wa kati wa St. Louis, miaka 12 pale, glovu ya dhahabu (tuzo ya udakaji) mara saba. Oktoba 1969 akaambiwa ameuzwa Philadelphia, hakuulizwa. Enzi hizo mkataba ulikuwa haukuachi, klabu inakushika mpaka ikuchoke. Flood akamwandikia kamishna wa ligi barua, maana yake ni kwamba baada ya miaka yote hiyo hajioni kama mali ya kununuliwa na kuuzwa. Mtu mweusi, Marekani, 1969, unaelewa uzito wa hilo neno "mali". Philadelphia walikuwa tayari kumlipa karibu dola laki moja, hela nyingi sana wakati ule, akaziacha, akaenda mahakamani. 1972 Mahakama ya Juu ikamkatalia, majaji watano kwa watatu. Akawa ameshapoteza msimu mzima wa 1970, 1971 akajaribu mechi 13 Washington akaona mwili umekataa, basi. Miaka mitatu baada ya hukumu, Desemba 1975, msuluhishi Peter Seitz akawapa haki warushaji wawili, Messersmith na McNally, mlango ukafunguka, na Novemba 1976 Reggie Jackson, autifilda mwingine, akaenda Yankees kwa karibu milioni tatu za miaka mitano. Flood hakuonja hata senti ya mlango aliousukuma.

Mzee wa dume alikuwa ameshalipa na kuondoka. Nikaagiza mshikaki mwingine.

Anyway. Jumamosi iliyofuata nikarudi na jezi yangu, nimeifua, nimeikunja vizuri, na hotuba. Shikamoo mama. Marahaba, imekubana? Hapana mama, sio ya mtu niliyemdhania. Aliniangalia muda mrefu kweli. "Ina mtu ndani?" Wateja wote wakacheka, na mi nikacheka maana ningefanya nini. Akaichukua akaifungua, akaanza kola, kwapa, vifungo, akainyanyua kwenye jua. "Kitambaa hiki hakijaisha. Utaivaa miaka mitano. Mwingine akiwa na hela yake hata hii haipati." Kurudisha hela hakuna, kubadilisha kupo ukileta ndani ya wiki moja na haijavaliwa, na hii sheria kaiandika kwa maka pen kwenye boksi, kwa hiyo hakunionea. Nikaambiwa nichague nyingine ya 25,000 na buku tano inabaki kwake kama usumbufu. Nikafikiria, nikaivaa ile ile 22 yangu pale pale. Hii ninavyoandika ninayo mwilini, na kweli ni nzito, haijatoka uzi.

Ile buku tano ya "umeipenda" ndo nyota niliyoishika. Najua ni biashara, hata wakala wa Aaron Judge, autifilda wa Yankees, alifanya hivyo hivyo. Kumbuka huyo Judge kabla ya msimu wa 2022 Yankees walimpa milioni 213.5 akakataa, akaingia uwanjani akapiga homurani 62, akavunja rekodi ya American League (nusu moja ya ligi kubwa) ya Roger Maris ya 61 iliyokaa tangu 1961, na Desemba wakamlipa milioni 360 miaka tisa. Wote wawili, Mama na wakala, waliona mteja keshaipenda mali. Ila mi sio Yankees mama, mi nakatwa mkopo wa bodi.

Ushauri wangu kwa anayeenda, pita pia kwenye fungu la kuchagua, usidharau. Teoscar Hernández alitoka Seattle mwisho wa 2023 bila hata ile ofa ya mwaka mmoja, watu wakamuona wa buku mbili, Dodgers wakamwokota kwa mwaka mmoja milioni 23.5, akapiga homurani 33, wakachukua kombe, wakamwongeza miaka mitatu milioni 66. Mkataba mfupi kwa mtu anayetaka kujionyesha, hapo klabu ikikosea inaumia mwaka mmoja tu. Mi kwenye lile fungu nilishapata jezi ya Seattle ya kijani cha bahari haina kifungo kimoja tu, fundi wa Majengo kanishonea kwa jero. Na kuhusu kulipa kidogo kidogo, Mama anakubali ukiwa mteja wake, unaweka nusu anakutunzia wiki mbili. Sio kama Mets na Bobby Bonilla, walimuacha wakakubaliana kumlipa baadae, sasa kila tarehe 1 Julai kuanzia 2011 mpaka 2035 wanamtumia dola 1,193,248 na senti 20 mtu aliyeacha mpira tangu 2001. Ukimpendekezea Mama hiyo atakufukuza.

Mapungufu mengine: kioo hakuna, unajiangalia kwenye simu. Kivuli hakuna kuanzia saa tano, jua la Msalato halina undugu. Saizi nyingi ni XL na XXL maana waliozivaa kwanza ni watu wa miili, mwembamba kama mimi unabaki unapepea kama bendera ya Bunge. Na zile kali kabisa kuna mfanyabiashara wa Dar anapitaga mapema anazikomba, siku hizi anakuja na treni ya SGR Ijumaa analala mjini, kwa hiyo ukifika saa tatu asubuhi ujue umekuta mabaki yake. Fika saa moja. Daladala zipo, au shea bodaboda na mwenzio.

Wanaoniuliza kama anauza glovu, mara moja moja, na zote nilizokuta ni za mkono wa watu wa mashoto, sijui wanaorusha kwa mkono wa kulia kule wanazikwa nazo. Na kuna kofia ya Mariners (ndo hao Seattle) ya zamani, saizi 7 na 3/8, imetundikwa ya tatu kutoka mwisho wa kamba, hiyo muiache. Nimeshaweka nusu.